Ng'ombe wa Nyumba Isiyo na Mtoto

Ndoa iliyokosa mtoto ikivunjika huku Karatu na Ngorongoro, kikao chake huwa kifupi. Wazee hukaa asubuhi, na jua likifika utosini wamemaliza. Hakuna wa kugombea malezi, hakuna ada ya shule ya kujadiliwa, hakuna kijana wa kuulizwa anataka kubaki kwa nani. Linabaki suala la mahari: ng'ombe walitoka wangapi, warudi wangapi, na ndama waliozaliwa baadaye ni wa nani. Likishamalizika, mwanamke anafungasha. Ukiuliza mbona hakupewa hata mbuzi, utajibiwa kwa mshangao wa kweli: mtoto hana, hivyo vitu atampelekea nani?

Swali hilo haliulizwi kwa ubaya. Limetokana na mpangilio wa mali uliokuwapo kabla ya mahakama na kabla ya makanisa, na ndani ya mpangilio huo mtoto ndiye njia. Ng'ombe hutoka kwa baba kwenda kwa mwana kwa kupitia nyumba ya mama, na mama hushika mali kwa sababu yupo anayeshikiwa. Akikosekana huyo, mikono ya mama huonekana mitupu hata kama ndiyo iliyofanya kazi. Ndiyo maana nasema talaka ya wasio na watoto, inayosifiwa kuwa nyepesi, kwa mwanamke wa ukanda huu ndiyo nzito kupita zote. Wepesi wake ni wa wanaobaki bomani.

Ukanda wenyewe una watu wa asili mbalimbali. Mashamba ya Wairaqw yanaanzia Rhotia na Mbulumbulu, yanazunguka mji wa Karatu hadi Endabash. Ukiteremka Mang'ola, kwenye vitunguu na maji ya chemchemi, unawakuta Wadatoga na Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi. Ukipanda lango la Loduare unaingia Hifadhi ya Ngorongoro, eneo lililotengwa mwaka 1959 kwa wanyamapori na wafugaji kwa pamoja, nako ni kwa Wamasai. Mbali kaskazini, upande wa Sale, wapo Watemi ambao wengi huwaita Wasonjo. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kimasai na Kidatoga ni za Kiniloti, Kitemi ni Kibantu, na Kihadzabe hakina ndugu anayejulikana. Haishangazi basi kwamba hata kuachana kwao hakufanani.

Nianze na Wamasai, kwa kuwa kwao jambo hili limesukwa kwa ustadi mkubwa kuliko watu wa nje wanavyodhani.

Bibi harusi wa Kimasai anapofikishwa nyumbani kwa mume hutembea polepole, kichwa kimeinama, na akifika langoni husimama. Haingii. Ndugu wa mume humbembeleza kwa ahadi: huyu anampa mtamba, yule kondoo, mwingine mbuzi. Ahadi zikishatosha ndipo anapoinua mguu. Tangu siku hiyo, yeye na aliyempa kondoo huitana paker, na aliyempa ng'ombe huitana naye pakiteng, hata kama kondoo alishakufa kwa ukame na ng'ombe alishauzwa mnadani. Kwa hiyo mwanamke huyu haingii bomani kama mgeni wa mtu mmoja. Anaingia akiwa amefungwa na watu wengi kwa majina ya mifugo.

Kisha anajenga. Hili watalii huambiwa kila siku na kulisahau kabla ya kufika hotelini, lakini kwenye mazungumzo ya talaka lina uzito wa pekee. Nyumba ya Kimasai hujengwa na mke. Yeye ndiye anayekata fito na kuzichomeka ardhini, anazipinda na kuzifunga kwa kamba za magome, anajaza matawi na majani katikati, kisha anakanda samadi mbichi kwa viganja vyake na kukandika ukuta na paa. Mvua ikitoboa paa usiku, ndiye anayetoka gizani na samadi mkononi kwenda kuziba. Mume mwenye wake watatu hana nyumba ya nne iliyo yake. Hulala kwa wake zake. Maziwa ya nyumba hiyo pia ni mamlaka ya mke: ndiye anayekamua, ndiye anayejua kibuyu gani cha mgeni na kipi cha watoto.

Ng'ombe anaowakamua amekabidhiwa. Anawatunza kwa ajili ya wana watakaozaliwa katika nyumba hiyo, na hapa ndipo penye siri ya jambo zima. Nyumba yenye wana, mume hawezi kuchukua mtamba wake na kumhamishia kwa mke mwingine kimyakimya. Wana watakua, watauliza, na wazee wa rika watamwita. Mtoto, hata angali mgongoni, ni mlinzi wa ng'ombe wa mama yake. Nyumba isiyo na mtoto haina mlinzi huyo. Mama wa nyumba hiyo anakamua ng'ombe walewale, anaamka alfajiri ileile, lakini siku mume akiamua kuwahamisha hakuna ukoo mdogo nyuma yake wa kusema hapana.

Mila iliona shimo hilo zamani, ikaweka daraja. Mwanamke asiyejaliwa kuzaa hupewa mtoto. Anaweza kupewa na mke mwenza, au na mke wa shemeji, au na dada yake wa tumbo moja. Mtoto huletwa angali mdogo, hulala kwenye ngozi ya mama huyo, hunywa kwenye kibuyu chake, na huitwa mwana wa nyumba hiyo. Akiwa wa kiume, ng'ombe wa nyumba hiyo ni wake. Hapo mama anapata wa kumwita yeyo, yaani mama, na mlinzi wa mali kwa wakati mmoja. Waswahili wa pwani wana methali, asiye na mwana aeleke jiwe. Huku bara walioitengeneza mila hii walikataa mtu aeleke jiwe ilhali jirani ana watoto saba.

Kulikuwa na daraja jingine ambalo watu wa leo hulitaja kwa sauti ya chini. Desturi ya Kimasai ilimruhusu mtu wa rika la mume kuwa mgeni wa usiku katika nyumba ya mke wa mwenzake, na mtoto aliyezaliwa alikuwa wa mwenye mahari. Kitanda hakizai haramu. Kwa mpango huo, mume mgumba alikuwa baba wa watoto wengi na hakuna aliyemnyooshea kidole, wala mke hakurudishwa kwao kwa kosa lisilo lake. Sitetei mpango huo. Maradhi yameua watu, na wanawake waliokuwa hawaulizwi matakwa yao ndio waliobeba mzigo. Ninachosema ni kwamba ulifanya kazi fulani, na tulipouondoa hatukuweka kitu cha kufanya kazi hiyo.

Pia kuna maombi. Wanawake hukusanyika kwa makundi, wakavaa shanga zao zote, wakaenda kuomba uzazi chini ya mti mtakatifu wa oreteti au kwa safari ndefu hadi Oldonyo Lengai, Mlima wa Mungu, unaosimama kaskazini mashariki ya kreta ya Ngorongoro. Kwenye mikusanyiko hiyo mwanamke asiye na mtoto hawekwi pembeni. Yeye ndiye sababu ya safari, na wenzake wenye watoto humwimbia. Anayesema kwamba mila ya Kimasai humtupa mwanamke tasa hajawahi kuwaona wakipanda.

Na ikishindikana kabisa? Mke aliyechoshwa na kipigo au dharau hukimbilia kwa baba yake, jambo linaloitwa kitala. Mume humfuata, wazee wa pande mbili hukaa, na mwenye makosa hutozwa faini ya mnyama. Akitubu, mke hurudi. Asipokubali kurudi, ndipo mahari huzungumzwa, na hapo kuwa na watoto au kutokuwa nao hubadili kila kitu. Penye watoto wazee hawataki kusikia habari ya kuvunja: watoto ni wa mwenye ng'ombe, na ng'ombe wameshalipa. Pasipo na watoto mlango upo wazi. Ng'ombe wakirudi kwa mume, mwanamke yuko huru kuolewa kwingine. Wasiporudi, mtoto yeyote atakayemzaa huko aendako anaweza kudaiwa na mume wa kwanza. Kwa hiyo uhuru wake uko mikononi mwa baba na kaka zake, na mara nyingi ng'ombe wale walishatumika kumwolea kaka mke. Kaka hawezi kuwarudisha bila kuvunja ndoa yake. Dada anaambiwa avumilie.

Watemi wa Sale walikuwa wakihesabu mbuzi badala ya ng'ombe. Mwanaanthropolojia Robert Gray, aliyeishi kwao miaka ya 1950, aliandika mwaka 1960 jinsi mume alivyoweza kupisha haki zake kwa mwanamume mwingine kwa kupokea mbuzi, na makala yake ilizua ubishi mkubwa miongoni mwa wataalamu kuhusu kama mahari ni bei. Nadhani ubishi ule haukumhusisha aliyepaswa kuulizwa kwanza, yaani mwanamke aliyehamishwa.

Kwa Wadatoga mambo yana sura nyingine. George Klima, aliyeandika kitabu juu ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, kilichotoka mwaka 1970, alieleza jinsi binti wa Kidatoga anavyokwenda kwa mume na ng'ombe kutoka kwao, na jinsi wanawake walivyo na baraza lao wenyewe linaloweza kumtoza faini ya dume mwanamume aliyemkosea mke au aliyedharau mambo ya uzazi. Wanaume hawapigi kura kwenye baraza hilo. Mwanamke aliyekuja na mifugo yake, ambayo majirani waliiona ikiingia lango lilelile aliloingilia yeye, ana neno la kusema hata kama hakuzaa. Katika makabila yote ya ukanda huu sioni desturi iliyomlinda mwanamke kwa uwazi zaidi ya hiyo, na inasikitisha kwamba wanaowataja Wadatoga mjini hutaja mikuki tu.

Wadatoga na Wairaqw walikutana pia kwenye jambo hili la watoto kwa njia ya uchungu. Zamani msichana wa Kiiraqw aliyepata mimba kabla ya ndoa alihesabiwa najisi. Alitolewa nyumbani asije akaleta balaa kwa mifugo na mazao. Wazee wa pande zote mbili husimulia jinsi wasichana hao walivyopokelewa kwenye maboma ya Wadatoga, wakajifungulia huko, na mtoto akabaki kulelewa kama Mdatoga. Huku wakimkataa mtoto kwa kuogopa mila, kule nyumba isiyo na mtoto ikimpokea kwa mikono miwili. Damu ya makabila haya mawili, yaliyopigana sana kwa ajili ya malisho, imechanganyika kwa sababu ya wanawake wa pande mbili waliokuwa na shida zinazokamilishana.

Kwa Wairaqw wa leo kesi imehama kutoka kwenye ng'ombe kwenda kwenye ardhi. Mahari yao kwa jadi haikuwa kubwa kama ya wafugaji wa juu, kwa hiyo kuirudisha si mtihani. Mtihani ni shamba. Familia nyingi za Karatu zilitoka Mbulu karne iliyopita zikifuata ardhi mpya, zikaikata misitu na kuifanya mashamba ya ngano, mahindi na maharage. Ardhi hiyo sasa imekwisha. Baba ana ekari tatu na wana wanne, na mara nyingi mdogo wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Binti aliyeachika miaka kumi na mbili baada ya harusi anarudi na kukuta chumbani kwake analala mke wa mdogo wake. Angekuwa na mtoto wa kiume mgongoni, wajomba wangebanana. Amerudi peke yake, na wote wanasubiri aolewe tena au aende mjini kuuza chakula.

Huko alikotoka ameacha nini? Tuchukue Mang'ola, kwa kuwa huko jasho linaonekana kwa macho. Kitunguu huanzia kitaluni, mche ukifika kimo chake unang'olewa na kupandikizwa mmoja mmoja kwenye majaruba, mgongo umepinda tangu asubuhi. Zamu ya maji ya mfereji inaweza kuangukia usiku, na anayekwenda na jembe na tochi kufungua maji mara nyingi ni mke. Anapalilia, anang'oa, anakata majani, anajaza magunia. Gari la mnunuzi likija, anayehesabu fedha ni mume. Fedha hiyo ikanunua pikipiki, bati, ng'ombe wawili waliowekwa kwa rafiki huko Endamarariek. Desturi ya kukopeshana ng'ombe ni nzuri. Imeokoa familia nyingi wakati wa ukame na magonjwa, kwa kuwa mali haikai zizi moja. Lakini siku ya talaka ni giza tupu. Mke hajui ng'ombe wangapi wako kwa nani, na wanaojua ni marafiki wa mume.

Sasa teremka hadi kambi za Wahadzabe. James Woodburn alianza kuwachunguza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Frank Marlowe aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 2010. Wote wawili walikuta jambo lilelile ambalo wazee wa Eyasi wanalijua bila vitabu: mwanamume na mwanamke wakianza kulala kwenye kibanda kimoja na kuota moto mmoja, ni mume na mke. Mmoja akienda kambi nyingine na asirudi, ndoa imekwisha. Ndoa nyingi huvunjika mapema, kabla ya watoto, na hakuna kikao. Kibanda cha nyasi alikijenga mwanamke. Kinabaki chake hadi kambi ihame. Fimbo yake ya kuchimbia mizizi anayo. Nyama ikiletwa inagawiwa kambi nzima, kwa hiyo hakuna jioni ambayo mwanamke aliyeachika atakaa na njaa kwa kuwa hana mume.

Hata uzeeni ana nafasi. Kristen Hawkes na wenzake walipowafuata wanawake wa Kihadzabe maporini miaka ya 1980 waliona bibi wazee wakichimba mizizi kwa bidii kuliko hata vijana, na kila mama mwenye mtoto mchanga akiwa na mwanamke mzima wa kumsaidia, awe mama yake au shangazi au ndugu mwingine. Mama mkubwa asiyezaa analisha watoto wa dada zake, na anaheshimika kwa kulisha. Sisemi Wahadzabe wanaishi peponi. Ardhi yao imeliwa na mashamba na mifugo ya wengine, na mizizi inazidi kuwa mbali. Lakini kwao kuachana bila mtoto hakumfukarishi mtu, kwa sababu hakuna mali iliyokuwa ikisubiri mrithi. Hilo linanionyesha kwamba ukali wa talaka kwa majirani zao hautoki kwenye utasa. Unatoka kwenye ng'ombe na shamba.

Kuna neno la kusema juu ya utasa wenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi Aprili 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani hukutana na tatizo la kutopata mtoto katika maisha yake, na tatizo linaweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili. Katika nchi ya wafugaji kuna chanzo kimoja ambacho kila mchungaji angekielewa akielezwa vizuri: ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela. Wafugaji wanaufahamu kwa ng'ombe na mbuzi. Unamwingia mtu kwa maziwa mabichi, kwa damu na kwa kushika kondo la nyuma wakati wa kuzalisha mnyama. Kwa mwanamke unaweza kuharibu mimba. Kwa mwanamume unaweza kuvimbisha korodani na kugusa uzazi wake. Watafiti wameuchunguza kwa wagonjwa wa homa katika Hospitali ya Endulen, ndani kabisa ya Ngorongoro, na wakaukuta. Magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa nayo huziba mirija ya wanawake, na mara nyingi yaliletwa nyumbani na mume.

Lakini nani anapelekwa kupimwa? Mke. Atapelekwa kwa mganga, kwa nabii, hospitalini, na atarudi na chupa za dawa. Mume akiambiwa akapime mbegu huona ametukanwa mbele ya wanaume wenzake. Badala ya kipimo huoa mke wa pili, na huyo naye akikaa miaka mitatu bila mimba watu wa kijiji huanza kunong'ona, ila hakuna anayekwenda kumwomba radhi yule wa kwanza. Ningekuwa mzee wa kikao, nisingeruhusu neno tasa litamkwe pale mpaka karatasi mbili za hospitali ziwe mezani, ya mke na ya mume.

Wengi hawajui pia kwamba kurudisha mahari hakuvunji ndoa mbele ya serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani na ya msikitini, na anayeweza kuivunja ni mahakama peke yake. Safari huanzia kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, mara nyingi baraza la kata. Wakishindwa kuwapatanisha, baraza hutoa hati, ile watu wanayoiita Fomu Na. 3, na kwa hati hiyo mtu anafungua shauri hata Mahakama ya Mwanzo, bila wakili. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili, inahitajika kibali maalumu cha mahakama. Kati ya mambo ambayo sheria inayataja kuwa ushahidi wa ndoa kuvunjika umo uzinzi, umo ukatili, kumo kutelekezana kwa miaka mitatu, kifungo kirefu, na ugonjwa wa akili usiopona. Kutozaa hakumo. Kanisa Katoliki, lenye waumini wengi Karatu chini ya Jimbo la Mbulu, nalo linasema waziwazi katika kanuni ya 1084 ya sheria zake za mwaka 1983 kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mwanamume anayesema anamwacha mke kwa kuwa hakumzalia, si sheria wala kanisa lake linalomuunga mkono.

Mali nayo imewekewa utaratibu. Kifungu cha 114 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinaitaka mahakama, inapogawa mali waliyoichuma pamoja, iangalie mambo manne: mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo kama wapo. Kisha ielemee kwenye usawa. Watoto ni jambo moja kati ya manne, tena la mwisho. Likiondolewa, matatu yamesimama palepale. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaohesabika. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mahakama iliona alitumia vibaya fedha ambazo mumewe alikuwa amempa, lakini alifungua njia ambayo maelfu wamepita. Hata walioishi pamoja bila harusi yoyote wana kifungu cha 160: wakikaa miaka miwili na jamii ikawajua kama mume na mke, sheria inawadhania wameoana, na mwanamke anaweza kudai.

Basi kwa nini mwanamke wa Nainokanoka, huko Ngorongoro, anaondoka mikono mitupu? Umbali ni sababu moja. Makao ya wilaya ya Ngorongoro yako Loliondo, ng'ambo ya nyanda, siku nzima ya safari na nauli ambayo hana. Sababu nyingine ni ile mila iliyotajwa kwenye kifungu cha 114. Wazee wanapoulizwa mila inasemaje, hutoa kipande kimoja: ng'ombe ni wa mwanamume, asiye na mtoto hana nyumba. Hawasemi kwamba mila hiyohiyo ilimtaka asimame langoni mpaka apewe mifugo mbele ya watu. Hawasemi kwamba ilimpa mtoto wa kumlea, mpango ambao sasa nao umekwama, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kina jina la mama mmoja na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kuasili kupitie mahakamani. Hawasemi kwamba kwa Wadatoga wanawake wenyewe walikuwa na baraza la kumtoza mwanamume dume. Mila inaletwa barazani ikiwa imekatwa nusu, na nusu inayoachwa nyuma ni ile iliyokuwa ikimlipa mwanamke.

Jambo la kufanya si kubwa. Ushahidi wa kazi ya mwanamke asiye na mtoto upo, ila wanaoujua hawaitwi. Mama mkwe anajua ni nani aliyemkamulia ng'ombe mwaka ule wa ukame na nani aliyemwogesha alipougua. Mke mwenza anajua nyumba ilijengwa kwa mikono ya nani na paa limezibwa mara ngapi. Wale paker na pakiteng wanajua walimpa mnyama gani siku ya harusi, rangi yake, na alizaa wangapi, kwa kuwa wamekuwa wakimwita kwa jina la mnyama huyo tangu siku ile. Jirani wa jaruba Mang'ola anajua ni nani aliyekuwa akifungua maji usiku. Mwenyekiti wa baraza akiwaita watu hao kabla hajaandika hati, na akaandika wanachosema pamoja na idadi na majina ya mifugo, hakimu wa Mahakama ya Mwanzo atakuwa na kitu cha kugawa.